Huyu ni Nani Kwako?

6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwanza, shida baadaye, ndivyo ulivyonifundisha. Hujambo? Na goti je? Bado unapanda zile ngazi za nyuma kwa kushikilia ukuta? Sisi huku miili ni mizima. Mama watoto anakusalimia, na watoto nao, na yule mkubwa sasa ananizidi kimo na anapenda kunikumbusha.

Naandika kwa sababu simu nimeizima. Wanaonidai huanza kupiga saa moja asubuhi, tena wengine wana adabu ya ajabu: wanakusalimia, wanakuulizia watoto, halafu ndipo wanakutukana.

Pamoja na barua hii utapata hawala ya posta. Usidhani nimekosea tarakimu. Ni fedha yako yote ya kiinua mgongo, ile uliyonipa nikanunua boila, haikupungua kitu. Nimeuza pasi kubwa ya mvuke kwa yule dobi wa ng'ambo ya barabara, ambaye miaka yote nilimcheka kwa kutia wanga mpaka mashati yanasimama yenyewe. Alikuja na utepe, akaipima, hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Ile hoteli iliyonifanya nikope kwa ajili ya mashuka yake imenunua mashine zake yenyewe. Ilinijulisha kwa barua ya mistari miwili. Sasa nadaiwa na benki, na mwenye nyumba ya duka, na muuza sabuni, na wale mama wawili wapiga pasi ambao hawajaona mshahara miezi miwili. Hao mama nimewapa nusu. Wengine nimewapa maneno. Wewe nimekupa yote, kwa sababu Baba alikuwa akisema anayekudai ndani ya nyumba hulipwa kabla ya aliyesimama mlangoni. Nawe umechechemea miaka mitatu kwa ajili ya boila langu. Nenda ukatengeneze goti.

Jambo la mwisho. Kuna bwana mmoja wa ofisi ya ushauri wa madeni ameniambia naweza kwenda mahakamani mwenyewe nikaomba nitangazwe mufilisi. Wanachukua ulicho nacho, wanawagawia wanaokudai, na baada ya miaka mitatu kilichobaki kinafutwa. Nilimwambia nitamuuliza dada yangu kwanza. Alishangaa kidogo, maana nina mvi.

Mdogo wako,
Dobi


21 Februari

Dobi, mdogo wangu,

Sijambo, nawe uwe hivyo. Goti limepokea salamu zako, limejibu kwa kuuma.

Hawala yako nimeikalia siku nne kama kuku anayeatamia, nikifikiria kukurudishia. Halafu nikajikwaa kwenye ngazi mbele ya wapangaji wangu wote wawili, nikaamua. Napasuliwa tarehe ishirini Machi. Daktari mwenyewe ni mtoto niliyempokea kwa mikono hii. Alitoka na kucha ndefu, nimemkumbusha azikate kabla hajanigusa. Fedha yote imekwenda hospitalini, mpaka ya kununulia mkongojo. Kwa hiyo ahsante. Nimelisema hilo mara moja, sitalirudia.

Sasa hilo la mahakama. Hapana. Nimefanya ukunga miaka thelathini na miwili, nyumba hii nimeijenga tofali moja moja kwa mshahara wa ukunga, na sikumkimbia mwenye saruji hata siku moja. Baba alifua nguo za mji mzima na hakupoteza soksi. Leo jina lake libandikwe ukutani kwa pini, litiwe na magazetini, kwamba mwenye jina hili halipi? Mimi langu ni la marehemu mume wangu, litapita. La Baba unalo wewe, na ni wewe utakayetembea nalo mtaani.

Dawa ya deni ni kulipa. Nenda kwa kila mmoja, keti, zungumza naye, omba muda. Uza boila. Kula kidogo. Mama watoto mwambie nimesema avumilie.

Dada yako


14 Machi

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta kabla hawajakulaza. Nakuombea mkono mwepesi wa daktari. Kuhusu mimi sijui niseme sijambo au niseme nini, basi tuseme nipo.

Nimefanya ulivyosema. Muuza sabuni alinisikiliza vizuri sana, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akaniambia atanishtaki Jumatatu. Mwenye nyumba amebadilisha kufuli la choo ili nihame kwa hiari yangu. Boila haliuziki, ni dhamana ya benki. Na benki imemtuma mtu. Anakuja saa mbili, anaketi kwenye benchi la wateja, anasoma gazeti, saa kumi anaondoka. Hasemi kitu. Mteja akiingia, ananyanyua macho kuona anatoa ngapi. Wateja wamekoma.

Mama watoto ameondoka. Hatukugombana. Alikunja nguo za watoto vizuri mno, mimi mwenyewe dobi nisingezikunja vile, akasema anakwenda kwao mpaka nijue mwisho wa jambo hili uko wapi. "Umaskini siuogopi," aliniambia. "Naogopa kitu kisicho na mwisho." Nami nilikuwa nimeshapiga hesabu. Nikiipa benki kila ninachopata, pamoja na riba yake inavyopanda, nitamaliza kulipa nikiwa na miaka tisini na mmoja. Baba alikufa na sitini na minane.

Juzi mchana niliingia chumba cha kukaushia, nikafunga mlango, nikakaa chini ya nguo za watu. Mle kuna makoti ambayo wenyewe hawajayafuata tangu mwaka juzi. Nikaona ni heri nisitoke tena. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilitoka kwa kuwa yule mtu wa benki alibisha hodi, alitaka kuhakikisha nipo.

Nataka kwenda mahakamani, dada. Lakini sitakwenda bila neno lako.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimerudi nyumbani na miguu miwili. Nimechelewa kukujibu kwa sababu dawa za maumivu zilinifanya niandike upuuzi. Barua ya kwanza niliyokuandikia niliisoma nikaichana.

Ile habari ya chumba cha kukaushia nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Usiingie humo tena ukafunga mlango. Ng'oa kitasa. Hilo si ombi.

Nami nilikosea. Kitanda cha pili hospitalini alilala mama mmoja mwenye duka la vyombo, akanisimulia kwamba yeye mwenyewe alitangazwa mufilisi zamani. Nilimtazama nikitafuta alama. Hana alama yoyote, isipokuwa anakoroma. Alisema siku walipobandika jina lake alikwenda kulisoma kwa macho yake, akakuta wamelikosea, akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Sasa ana duka jingine na watu wanamkopesha vikombe.

Miaka yote nimewaambia wanawake wanaoona haya kitandani: mficha uchi hazai. Mtoto akikwama hatungojei ruhusa ya ukoo, tunapasua, mama anapona na mtoto anapona. Halafu wewe uliye wangu nikakuletea habari za soksi za Baba. Baba amekufa, haoni haya tena. Wewe u hai, nami nataka ubaki hivyo. Nenda mahakamani. Waache walibandike.

Barua hii nitaipeleka posta mwenyewe, bila kushika ukuta wa mtu.

Dada yako


12 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na hongera ya kutembea. Nilichelewa kuandika kwa kuwa nilitaka nikuandikie nikiwa nimemaliza. Sijamaliza.

Nilikwenda mahakamani Jumatano. Karani ni mwanamke mkavu wa maneno lakini si mbaya. Alinipa fomu ya kurasa kumi na mbili, nikaketi ukumbini nikajaza. Kwanza wanauliza unadaiwa na nani. Kisha una nini. Niliandika mpaka viti. Ukurasa wa saba wanauliza umemlipa nani katika miaka miwili iliyopita, na kiasi gani, na pembeni kuna kisanduku: Huyu ni nani kwako?

Niliandika "dada", tena nikajisikia vizuri, maana ndilo deni pekee nililolimaliza. Nikampelekea karani atazame kama nimejaza sawa. Akausoma ule mstari, akavua miwani.

Alinieleza polepole. Mtu anayeelekea kufilisika hana ruhusa ya kuchagua wa kumlipa. Akimlipa mmoja na kuwaacha wengine, msimamizi wa mahakama huifuata ile fedha kwa aliyelipwa, irudi kwenye fungu, igawanywe kwa wote. Kwa mtu baki wanatazama nyuma miezi sita tu. Kwa ndugu wanatazama miaka miwili, kwa sababu, alisema, watu wote huanza na ndugu zao.

Unaelewa, dada? Nikitia saini ile fomu, watakuja kwako kudai fedha ya goti. Ningemlipa muuza sabuni, ikifika Agosti asingeguswa. Nilikulipa wewe mbele ya wote ili usidhulumike, kumbe ndiyo nimekuchongea.

Nilifuta lile neno mpaka karatasi ikatoboka. Karani akanipa fomu mpya bila kuniuliza, akasema niende nyumbani nikafikiri. Nimefikiri. Siendi. Acha nidaiwe mpaka mwisho, angalau niwe peke yangu. Mtu wa benki bado anakuja kila siku. Siku hizi ananisalimia.

Mdogo wako


25 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo, ila niliposoma yako niliketi kwenye ngazi, wapangaji wakadhani nimeanguka tena.

Goti halirudishwi. Fedha haipo, pensheni yangu inanunua mkate na umeme, na kitu pekee nilicho nacho chenye bei ni nyumba hii. Nataka ujue hilo kabla sijasema ninachokuja kusema.

Utakwenda mahakamani. Usipokwenda utarudi kwenye kile chumba, nami sitaki kumzika mtu niliyemlea. Utakwenda, lakini hutaniandika dada.

Sikiliza. Miaka thelathini na miwili nimejaza vyeti vya watoto. Mara ngapi nimeandika "baba hajulikani", na baba mwenyewe amesimama nje ya dirisha ameshika chupa ya chai? Karatasi ilisema hivyo kwa sababu kuna mtu alihitaji iseme hivyo. Mtoto hakupungukiwa kidole. Hii nayo ni karatasi. Jina langu si lako. Huko uliko hakuna anayenijua. Mimi ni mteja wa zamani niliyekukopesha, ukanilipa Februari. Miezi sita inakwisha tarehe sita Agosti. Ngoja ipite, ongeza wiki mbili za usalama, kisha peleka fomu. Wakiniletea na mimi ya kwangu, nitajaza hivyohivyo.

Kuanzia sasa tuandikiane kama mteja na dobi, maana barua zina macho. Hizi za nyuma zichome.

Sijawahi kukuambia useme uongo tangu uzaliwe, hata ulipovunja kioo cha jirani na kipigo kikawa njiani. Leo nakuambia.

Dada yako, mpaka hapa


27 Agosti

Kwa Mkunga Mstaafu,

Natumaini u mzima. Napenda kukuarifu, ukiwa mteja wangu wa zamani, kwamba tarehe 21 mwezi huu nilipeleka mahakamani ombi la kutangazwa mufilisi. Malipo niliyokufanyia mwezi Februari nimeyaonyesha kwenye fomu. Katika kisanduku husika nimeandika: mteja.

Duka limefungwa na mahakama. Boila limechukuliwa na benki kwa lori, wamebomoa nusu ya mlango.

Kikao cha wanaonidai kitafanyika tarehe 30 Septemba. Wewe hutakiwi kuhudhuria. Samahani kwa usumbufu wowote.

Dobi


9 Septemba

Kwa Dobi,

Barua yako nimeipata. Msimamizi ameniletea fomu. Palipoulizwa uhusiano wangu na mufilisi nimeandika: hakuna. Nimetia saini na kuirudisha.

Sina la ziada, isipokuwa kwamba asubuhi siku hizi kuna baridi, na wafanyabiashara wenye kifua kibaya wanashauriwa kuvaa sweta.

Mteja


3 Oktoba

Dada yangu,

Nakuita hivyo, na utaona kwa nini. Hali yako sijui nikuulize kwa mdomo gani.

Kikao kilikuwa katika chumba kidogo chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Benki ilileta watu watatu, muuza sabuni alikuja na kalamu mpya, mwenye nyumba hakuvua kofia. Msimamizi akasoma orodha mstari kwa mstari, kwa sauti ileile. Alipofika kwako akasoma "mteja", akapita. Alipita, dada. Ilikuwa imekwisha.

Nyuma kabisa walikaa wale mama wawili wapiga pasi. Mkubwa wao akanyoosha mkono. Huyo amefanya kazi kwangu miaka kumi na mmoja, na mkono ule alionyoosha una kovu la mvuke wa mashine yangu. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Huyo mteja amelipwa yote," akasema. "Sisi tumelipwa nusu. Ana nini kutuzidi sisi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa benki. Majibu ya msimamizi nilikuwa nimeyakariri mbele ya kioo. Ya yule mama sikuwa nayo. Ningemwambia nini, kwamba mtu wa kuniletea makoti mawili kwa mwaka ana thamani kuliko mkono wake? Naye alikuwa amesimama ananingoja, hakuketi.

Nikasema, "Si mteja. Ni dada yangu. Ndiye aliyenilea."

Yule mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaketi. Ni yeye peke yake aliyeridhika mle ndani. Watu wa benki walianza kuandika kwa haraka, na msimamizi akageuza ukurasa nyuma mpaka kwenye jina lako.

Sikukusudia. Najua neno hilo halimsaidii mtu. Nimekupa kidonda mara mbili, kwanza kwa kukulipa, sasa kwa kukutaja, na wewe umeshatia saini kwamba hunijui. Nimekufanya mwongo mbele ya mahakama kwa kusema kweli mimi. Nijibu, hata kama ni kwa tusi.

Mdogo wako


25 Oktoba

Dada,

Leo ni wiki ya tatu. Naenda posta kila asubuhi, mpaka yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika, kuniokolea foleni.

Mahakama ilinipa siku mbili nirudishe nguo za wateja. Nilikodi mkokoteni nikazunguka mitaani nikigonga milango. Watu walipokea nguo zao bila kunitazama usoni. Mmoja akanilipa, nikamwambia fedha hiyo si yangu tena, ni ya msimamizi, akairudisha mfukoni. Kuna koti moja la kijivu nililolipeleka nikakuta mwenyewe amekufa tangu mwaka jana. Binti yake akalinusa kwenye kola, akalinusa tena, akasema linanuka sabuni tu. Nililifua vizuri mno.

Jina langu wamelibandika. Nilikwenda kulisoma kama yule mama wa hospitalini. Hawakukosea hata herufi moja.

Mama watoto amesikia. Ameandika kuniuliza wewe umesema nini. Sijui nimjibu nini. Nimepanga kitanda katika chumba cha watu wanne, nafua nguo zao kwa ndoo, wananilipa kwa kunipunguzia kodi. Hiyo ndiyo kazi. Nikiwaza miaka mitatu naona mirefu, nikikuwaza wewe naona hata haina maana iishe.

Mdogo wako, kama bado


16 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, si kwa kuwa ninayo. Barua zako zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mimi sina mazoea ya matusi, yalikuwa yanatoka hovyo.

Msimamizi alikuja Jumanne iliyopita. Mtu mpole, alifuta viatu mlangoni. Aliweka karatasi mbili mezani pangu: ile fomu niliyosema hakuna uhusiano, na maneno yako yalivyoandikwa kikaoni. Akasema katika kazi yake ameona watu wengi waliofilisika wakachanganyikiwa, hutaja hata jamaa wasiokuwa nao. Kama ndivyo ilivyokuwa, akasema, nimwambie tu. Yeye ataandika kwamba mufilisi siku ile hakuwa na akili timamu, na kwangu mambo yataishia hapo. Kisha akangoja. Nadhani alikuwa ananionea huruma, maana alikuwa ameshaitazama nyumba kwa nje.

Kwa hiyo, Dobi, niliwekewa mlango wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema huna akili. Na hasira niliyokuwa nayo juu yako ilitosha kusema hivyo na zaidi. Niliitazama ile dari, nakumbuka kila ubao niliununua mwezi gani. Nikafungua kinywa nimwambie.

Nikamwambia, "Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mpaka alipoanza kutembea."

Hakushangaa. Akanipa kalamu nikafuta nilichoandika mwanzo, akasema kwa kuwa nimesahihisha mwenyewe hatanishtaki. Ndiyo faida pekee niliyoipata. Niliomba nilipe kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni, akasema mahakama haingojei pensheni. Kukopa nilikataa, mufilisi mmoja katika familia anatosha.

Nyumba imepata mnunuzi. Ametoa nusu ya bei, amesikia nina haraka. Nikishawalipa wao na gharama zao nitabaki na kodi ya chumba ya mwaka mmoja, miwili nikijibana. Baada ya hapo sijui. Nina miaka sitini na mitatu na nalia kila asubuhi nikipiga mswaki; nimeona ndiyo saa yake, siku nzima inayobaki nafungasha. Wapangaji wameshahama. Sauti yangu inarudi kutoka vyumbani kwao nikiita, nami sijui namwita nani.

Sijakusamehe. Usinisukume. Kusamehe nitaanza nikishajua pa kulala.

Nahama Jumamosi ya tarehe thelathini. Chumba kiko ghorofa ya tatu, na nina kitanda, kabati na meza, na hakuna mtu wa kunisaidia kuvipandisha. Mama watoto, aliyeuliza nimesema nini, mwambie hivi: dada amesema niende nikambebee mizigo. Usije na maneno, njoo na kamba.

Dada yako